Motokaa ya misioni iliyokataa kuzunguka

Jumatatu ya Pasaka, mara baada ya Misa, watu wengi walikusanyika mbele ya banda la motokaa la parokia yetu hapa Umatengo. Watoto walikuwa wamepanda juu ya kuta, na wanakwaya walikuwa wamekwisha kuchagua wimbo. Mvua zilikuwa zimepungua, na daraja lililochukuliwa na maji mwezi wa Desemba lilikuwa limekwisha kutengenezwa. Basi siku hiyo Land Rover yetu, yenye injini iliyofumuliwa na kuundwa upya, ilikuwa itoke tena baada ya kulala bandani miezi minne na zaidi. Kijana dereva akaketi, akafanya ishara ya msalaba, akazungusha ufunguo. Tik! Akazungusha tena. Tik! Taa za mbele zikafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta, na injini haikujigusa hata kidogo.

Wimbo haukuimbwa.

Msomaji mpenzi, labda wewe unakaa karibu na barabara ya lami, na motokaa kwako ni kelele tu ya kukuamsha usiku. Sisi tunakaa juu ya milima. Wakati wa kiangazi mgonjwa hupelekwa hospitalini kwa bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma, naye katikati kama gunia la kahawa. Wakati wa masika pikipiki hazipandi. Mwezi wa Februari mwaka huu mama mmoja wa kigango cha bondeni alibebwa kwa machela saa nne katika matope, na wabebaji walikuwa wanane wakipokezana. Alifika mzima, Mungu asifiwe, lakini mtoto hakufika mzima. Wakati ule Land Rover ilikuwa imesimama bandani kwa sababu ya daraja. Kwa hiyo ilipokataa siku ya Jumatatu ya Pasaka, hali daraja lipo, si ajabu kwamba watu walikasirika.

Tena ilikuwa yao. Kila familia ilitoa kitu kwa ajili ya injini hiyo: huyu debe la mahindi, yule maharage, yule kilo kadhaa za kahawa, na wajane walileta kuku. Mimi najua, maana ndimi mwandishi wa kamati, na daftari la michango ninalo mimi.

Habari ya motokaa za misioni si ya jana. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte wa Ujerumani alianzisha chama kiitwacho MIVA, kazi yake kuwapatia wamisionari vyombo vya safari. Rafiki yake, padre mwenziwe, alikuwa amefariki kwa ugonjwa huko kusini mwa Afrika mwaka 1925, mbali na daktari, na hapakuwa na chombo cha kumfikisha upesi. Ama Land Rover yenyewe ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Bodi yake ilifanywa ya aluminiamu, kwa sababu baada ya vita chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza. Yetu ni ya aina ya Series III, ya petroli, silinda nne, ya miaka ile ya sabini. Ni mzee, lakini mzee mwenye meno.

MANENO YA WATU

Jioni ile yakasemwa mengi. Wengine walisema fundi wa mjini ametuibia, ametutia vipuri vya zamani na kuvipaka rangi. Wengine wakanong'ona kwamba gari limetupiwa kitu, ati kuna mtu aliyeonekana usiku karibu na banda. Katekista aliwakemea hao. Lakini wengi wao walimwangukia kijana dereva. "Yeye ndiye aliyekaa nalo," walisema, "atakuwa amelichezea." Kamati ikakutana chini ya mwembe na kumnyang'anya ufunguo. Naandika haya kwa aibu: aliyetoa wazo hilo ni mimi. Kijana hakujibu. Aliutoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya meza, akaenda zake. Siku ya pili tukasikia anafunga mzigo wa kwenda Songea kutafuta kazi.

Siku hiyo ya pili bwana mmoja mwenye trekta akajitolea. "Tutalifunga mnyororo," akasema, "tutalitia gia, tutalivuta. Litake lisitake litazunguka." Tukakubali. Mnyororo ulikuwa umekwisha kufungwa wakati alipofika mzee mmoja wa kijiji cha pili, aliyejifunza umakanika ujanani kwa Mabruda Wabenediktini wa Peramiho. Baba Padre ndiye aliyempigia simu.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amefunga mnyororo huu?"

Tukatazamana. Mzee akainama, akaufungua mwenyewe, akampa mwenye trekta mkononi kama mtu anayemrudishia jirani fimbo yake.

"Wanangu," akasema, "mtu akifunga mlango na hafungui, ninyi huvunja mlango kabla ya kuuliza kama yupo ndani?"

KWANZA UMEME

Mzee hakugusa injini. Alianza na betri. Aliipima, akaona imeshuka, akaituma ikatiwe moto kwenye mashine ya zahanati. Betri ya volti 12 iliyopumzika yafaa ionyeshe kama volti 12.6, na wakati stata inapovuta isishuke chini ya 10 au karibu na hapo. Iliporudi, akasugua vichwa vyake kwa msasa mpaka vikang'aa, akafuata waya mnene unaoshuka kwenye chasisi, akafungua bolti yake, akaikuta ina kutu na rangi, akaikwangua nayo. "Magari mengi yanayoitwa mafu," alisema, "yamekufa hapa, kwenye waya huu."

Akapiga stata. Tik! Taa zikafifia sana kama kwanza.

Hapo alitufundisha jambo ambalo sikulijua. Taa zisipofifia unapopiga stata, maana yake umeme haufiki kwenye stata: tafuta waya, swichi au solenoidi. Taa zikififia sana, na betri ni nzuri, na waya ni safi, basi umeme umefika, lakini stata inasukuma kitu kisichotaka kusogea. Kitu hicho ni stata yenyewe iliyokwama kwenye meno ya flaiwili, au ni injini.

Stata za Land Rover hizi za zamani zina ncha ya mraba upande wa mbele, chini ya kifuniko kidogo. Mzee akatia spana, akazungusha, ikazunguka kwa wepesi kabisa. Haikukwama.

"Basi," akasema, "ni injini. Sasa yeyote asitumie nguvu. Toeni plagi zote nne."

Plagi ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka kavu, rangi ya udongo mkavu, kama inavyofaa. Ya tatu ilitoka nyekundu kwa kutu, na kwenye ncha yake lilining'inia tone la maji.

Mzee aliitazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Dereva wenu yuko wapi?"

Hapakuwa na aliyejibu. Baba Padre akamtuma mtoto mbio.

BOMBA LA SINDANO

Wakati tunangoja, mzee akaomba zahanati bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano. Akavuta hewa, akaziba mdomo wake kwa kidole, akampa mwenye trekta asukume. Likasukumika nusu. Kisha akavuta maji, akaziba vilevile. "Sukuma." Yule bwana ana mikono kama mashina ya mkaratusi, lakini hakusogeza hata nukta.

"Pistoni ni hivyo hivyo," mzee akasema. "Hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali."

Nimepiga hesabu baadaye. Injini yetu ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, yaani kila silinda ina kama 571. Kama hewa hubanwa mara nane, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni sentimita za ujazo 80 hivi. Vijiko vitano au sita vya mezani! Maji yakizidi hapo, pistoni haipandi. Ukiivuta kwa trekta, maji hayabanwi, bali konrodi hupinda, au hutoboa ubavu wa injini. Mnyororo ule ungemaliza mahindi yetu yote, na maharage, na kuku wa wajane, katika hatua tano.

Kijana akaja. Alikuwa amevaa shati la safari. Mzee akamwuliza neno moja tu: "Mwanangu, rejeta hii ilikuwa inapungua maji?"

"Ndiyo, mzee. Kila Jumamosi niliongeza kidogo, kidogo tu. Na chini hapakuwa na tone. Niliwaambia kamati."

"Wakasemaje?"

Kijana akatazama chini. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya mzee, na moyo wangu ukapiga, kwa sababu nilikumbuka nilivyomjibu. Nilimwambia, "Maji hayanunuliwi, we ongeza tu." Tena mwezi wa Januari alikuja kuomba ruhusa ya kuiwasha motokaa kila juma, injini ipate moto, hata kama haiendi popote. Nikamjibu, "Petroli si maji." Watu walicheka siku ile, na mimi nilijiona mwerevu.

KAZI YA SIKU TATU

Maji yanayotoka rejeta bila kudondoka chini lazima yana mahali yanapokwenda. Mzee akapitisha mpira mwembamba kwenye tundu la plagi ya tatu, akanyonya kwa lile bomba la sindano, na maji mekundu yakatoka. Kisha akalala chini ya gari, akalegeza polepole bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo hulala chini: kabla ya oili kuonekana, yalitoka maji kikombe kizima. Yalikuwa yamepita kwenye ringi, tone kwa tone, usiku kwa usiku.

Sasa plagi zimetoka na maji yametolewa, lakini injini ilikuwa bado imeshika. Ringi mpya hubana kwa nguvu kwenye ukuta wa silinda, nao ukuta uliosuguliwa upya ni mtupu kama ngozi ya mtoto. Maji yakikaa hapo, kutu huziunganisha ringi na ukuta. Injini kuukuu pengine ingeachia upesi, lakini hii mpya ilishika kwa sababu ya upya wake.

Mzee akachanganya oili nyepesi na mafuta ya taa, nusu kwa nusu, akamimina kidogo katika kila silinda, na katika ya tatu akazidisha. Akakataza moto, hata sigara, karibu na banda. "Tutaonana kesho." Mwenye trekta akauliza kama hatupigi hata nyundo moja. Mzee hakumjibu.

Kesho yake wakatia hendeli mbele, wakaibana kwa mkono tu, bila kuirukia. Hendeli haiwezi kurudisha injini nyuma, basi wakatia gia ya nne, na watu wawili wakaisukuma motokaa mbele na nyuma, taratibu, kama mama anayembembeleza mtoto mgongoni. Hakuna kitu. Wakaongeza mafuta. Siku ya tatu, yapata saa nne asubuhi, kijana ndiye aliyekuwa ameshika hendeli. Akasema kwa sauti ndogo, "Imesogea." Tukadhani amejidanganya. Mzee akaweka alama ya chaki kwenye puli ya fani belti. Kweli, ilikuwa imesogea upana wa kidole. Wakairudisha nyuma kwa kusukuma gari, wakaileta mbele kwa hendeli, kidole kikawa viwili, kiganja, nusu mzunguko. Mzee akafunika tundu la plagi kwa kitambaa na kutuondoa mbele yake. Hendeli ikazunguka mzunguko mzima, na uji mwekundu ukaruka, ukakilowesha kitambaa chote.

Pale ndipo watu walipopiga vigelegele. Mzee akawanyamazisha. Injini inayozunguka si injini iliyopona, akasema, na mtu asithubutu kuiwasha.

KARATASI

Silinda hedi ilipofunguliwa, gasketi ilionyesha kila kitu. Kati ya silinda ya tatu na tundu la maji palikuwa na njia nyembamba nyeusi, kama njia ya siafu. Wakashusha na karata ya oili, wakatoa pistoni ya tatu. Konrodi ilikuwa imenyooka. Metali zilikuwa safi. Ukutani mwa silinda palibaki duara la kutu. Mzee akalipitisha ukucha, akaridhika kwamba halijachimba, akalisugua kwa msasa laini wenye oili. Ringi zikasafishwa moja moja.

"Fundi wenu wa mjini hakuwaibia," akasema. "Vipuri ni vipya, na kazi ni nzuri. Ila gasketi ya namna hii ikipata moto wa kwanza hujikandamiza, na bolti hulegea. Lazima zikazwe tena. Hakuwaambia?"

Nikasema hakutuambia. Nilisema kwa sauti kubwa.

Usiku ule sikulala. Nikawasha taa, nikafungua daftari la michango, nikatafuta risiti ya gereji. Nilikuwa nimeibandika mle kwa sababu upande mmoja una jumla ya fedha. Nikaibandua kwa kisu. Upande wa pili, kwa mwandiko mzuri kabisa, fundi alikuwa ameandika: baada ya kilomita 500 au mwezi mmoja, lolote litakalotangulia, kaza bolti za silinda hedi, pima tapeti, badili oili. Kazi ya nusu siku. Mtu yeyote mwenye spana ya kupimia nguvu angeweza kuifanya hapa hapa, daraja liwepo lisiwepo.

Asubuhi kabla ya Misa nikaenda kwa akina kijana. Mama yake alikuwa anafagia uwanja, hakuitikia salamu yangu mara ya kwanza. Nikampa kijana karatasi akaisoma. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekukosea, na nimekukosea mbele ya watu." Akaikunja karatasi vizuri, akanirudishia. Akasema, "Mzee, gasketi ya mjini imekwisha kuagizwa?" Jumapili iliyofuata, baada ya matangazo, niliomba ruhusa kwa Baba Padre, nikasoma upande wa pili wa risiti mbele ya waumini wote. Watu hawakucheka.

KUIWASHA NA KUILAZA

Gasketi ililetwa kwa basi baada ya siku mbili. Bolti zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, mara tatu, kila mara kwa nguvu zaidi mpaka kipimo cha kitabu. Tapeti zikapimwa milimita 0.25. Oili mpya, chujio jipya. Petroli iliyolala tangu Novemba ikamwagwa, maana petroli ikikaa miezi hugeuka gundi katika kabureta. Na ndani ya chujio la hewa tukakuta panya amezaa. Kabla ya kurudisha plagi, stata ilipigwa kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika, ili oili ifike kwenye metali kabla ya moto. Kisha plagi, kisha ufunguo. Iliwaka mara ya pili.

Ikaachwa ipate moto, ikazimwa, ikapoa hata asubuhi, na bolti zikakazwa tena. Karibu zote zilikubali kusogea kidogo. Mzee alitaka kila mwanakamati aishike spana na kuona kwa mkono wake.

Aliye na motokaa, au mashine ya kusaga, au injini yoyote itakayolala masika nzima, haya ndiyo aliyotuachia. Ijaze maji safi na dawa ya kuzuia kutu. Badili oili kabla ya kuilaza, si baada, kwa kuwa oili chafu ina asidi. Tia kijiko cha oili katika kila silinda na uzungushe kwa mkono. Funika mdomo wa ekzosi. Fungua waya wa betri. Kila juma izungushe kwa hendeli, na kila mwezi, kama unaweza, iwashe mpaka ipate moto kabisa. Kuiwasha dakika mbili na kuizima ni kuitia unyevu tu. Na pima rejeta. Ikipungua na chini ni kukavu, usiongeze tu.

Mzee alikataa fedha. Alipokea kuku mmoja, tena alimchagua mwenyewe.

Juma la pili baada ya hapo, usiku wa manane, walikuja kugonga kutoka kigango cha bondeni, kile kile. Kijana aliondoka na mama na mkunga saa nane, na walifika hospitalini kabla ya kupambazuka. Mtoto ni wa kike.

Ufunguo sasa anakaa nao kijana. Risiti tumeipigilia ukutani mwa banda, upande wa pili ukitazama nje. Jumamosi iliyopita nilipita pale nikamkuta amefungua bonati, ametia kijiti katika rejeta. Akanionyesha alama. Haijapungua.